Jogoo wa Nyapara Mathayo

Baba,

Kamwene. Naanza na salamu kwa sababu hata ukiwa huko uliko najua ungenigeuzia uso kama ningeanza na neno lingine. Sasa salamu imekwisha. Nina hasira, Baba, nina hasira mpaka kalamu inachana karatasi, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yako. Sitakuficha. Hukuwahi kumpenda mtu anayenung'unika pembeni.

Naandika nikiwa kiwandani, nimekaa juu ya rundo la mbao, mapumziko ya mchana. Mvua inapiga mabati ya banda na wenzangu wamesogea upande wa jiko la chai. Wiki hii ndiyo mvua zimeanza sawasawa. Ungekuwa hai, na ungekuwa bado na nguvu, ungekuwa umeshafunga virago. Ungekuwa umemwachia mtu gunia lako la kujifunikia, umempa Mathayo mkono, umeshika njia ya nyumbani kwenda kupanda mahindi. Mimi sikwenda. Hiyo ndiyo habari niliyo nayo, lakini acha nianze mwanzo, maana ukiisikia hivyo tu utasema Eliza ameacha shamba la mama yake liote majani.

Nilipokuwa mdogo nilidhani mvua ndiyo inayokuleta. Mawingu yakianza kukaa juu ya vilima, Mama anafagia uwanja, anatoa mbegu kwenye kihenge, na jioni moja tunakuona unatokea kwenye njia ya mianzi, pumba za mbao bado zimo kwenye nywele. Ulinuka utomvu wa misindano siku nyingi hata baada ya kuoga. Unakaa, unavua viatu vyako vya matairi, unakunywa maji, na neno lako la kwanza lilikuwa lile lile kila mwaka: "Watu wa kampuni wana huruma. Wameniruhusu nije kupanda." Usiku kwenye sala, ukishamwombea mchungaji na wazee wa kanisa, unamwombea na Mathayo. Kwa akili zangu za kitoto nilijua unamsema yule mtume. Nilikuwa mkubwa tayari nilipogundua kwamba tunamwombea nyapara.

Halafu yule jogoo. Unapanda, unapalilia mara ya kwanza, unarudi kazini, na huendi mikono mitupu. Kila mwaka alikuwepo kifaranga mmoja uliyemchagua mwenyewe, ukamfunga uzi mwekundu mguuni ili asije akachinjwa kwa bahati mbaya. Askofu mwenyewe angekuja kwetu tungempikia kunde. "Huyu ni wa Mathayo," unasema, basi, yamekwisha. Tulikula majani ya maboga huku tunamtazama anavyonenepa kwa mahindi yetu. Ulikwenda naye kwapani, umevaa shati lako safi, na Mathayo alikupokea akakwambia, "Yeremia, nafasi yako ipo." Ukaingia kushika magogo ukiwa na furaha, kama mtu aliyesamehewa.

Kidole chako cha shahada kilibaki pale mezani kwa msumeno. Kifua chako kilijaa vumbi. Mwaka juzi walipoona huwezi tena kusukuma gogo walikwambia, "Mzee, kapumzike," wakakupakilia mabanzi kwenye trekta ukajengee zizi. Mabanzi, Baba, yale maganda ya nje ya gogo ambayo hata mnunuzi wa kuni anayachagua. Ukafika nayo nyumbani ukimsifu dereva kwa kuendesha taratibu.

Na ulipokufa, katika baridi ile ya mwezi wa nane ambayo ukungu ulikaa mpaka mchana, kampuni ilileta tena mabanzi. Eti ya pole. Mama aliyatazama, akafunga kanga yake vizuri, akaenda kukaa ndani. Jeneza lako lilitengenezwa kwa mbao safi, nzuri, zilizopigwa randa, na nataka ujue zilikotoka. Baba Mdogo Nikodemu alizinunua. Alifika kutoka Ilomba na basi la Mbeya, akiwa na lile koti lake la kijivu, akateremka hapa kiwandani kabla hata ya kuja kukulilia, akazinunua kwa pensheni yake. Mbao za kiwanda ulichokipasulia magogo tangu sijazaliwa, tumezinunua kwa fedha za mtu aliyekuwa akibeba chai na mafaili katika ofisi ya serikali kule Mbeya. Ulimtania sana kwa kazi ile. "Mtu mzima anatumwa kama mtoto," ulikuwa unasema, naye anacheka tu. Basi mtu mzima huyo ndiye aliyekusitiri.

Baada ya matanga Baba Mdogo alisema twende ofisini kuulizia haki zako. Mimi nilikuwa na hakika, Baba. Nilikuwa nimeshampangia Mama: godoro, bati za jikoni, dawa ya ule mguu unaovimba. Nilikuwa nimemsikia yule fundi wa mashine aliyestaafu akisimulia kiinua mgongo chake kantini, na nikasema moyoni, kama fundi amepata, baba yangu aliyekuwa kazini fundi bado anajifunza atakosaje?

Karani hakuwa mkorofi. Alimpa Baba Mdogo kiti kwa sababu ya lile koti, mimi nikasimama. Alisikiliza, akatikisa kichwa kabla hatujamaliza. "Mzee Yeremia alikuwa kibarua ya msimu," akasema. "Hiyo mambo ya akiba na pensheni ni ya watu ya kudumu. Yeye kila mwaka anaacha kazi mwenyewe, akirudi tunamwandika upya." Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia baba hakuwahi kuacha kazi hata siku moja, alikuwa anapewa ruhusa ya kwenda kupanda, nyapara mwenyewe ndiye aliyekuwa anampa. Karani akanitazama kwa huruma. Ile huruma sitaisahau. Akasema ruhusa kama hiyo haipo. Kuna likizo, nayo ni ya watu wa kudumu, na kuna kuacha kazi. Anayeondoka mvua zikianza ameacha kazi, na akirudi ni mtu mpya kama aliyetoka porini leo asubuhi.

Mtu mpya. Na nywele zako nyeupe. Na kidole chako kilichobaki pale mezani.

Tulitoka, tukapita kwenye magogo, na Baba Mdogo akasimama pale yanaposhushwa, akavua kofia. Akasema polepole, "Mwaka ule nilimwita, Eliza. Akakataa."

Unaukumbuka mwaka ule. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amejaa vumbi, kukwambia ofisi yao inatafuta mtunza bustani, na bwana mkubwa amekubali aje kaka yake. Mlikaa nje mnakula viazi. Ulimsikiliza mpaka mwisho, halafu ukamwuliza swali moja tu: "Hiyo serikali yako itanipa ruhusa ya kupanda?" Akasema hapana, si wakati unaotaka wewe. Ukajipiga paja ukacheka. "Basi kampuni yangu ina utu kuliko serikali yako." Tukacheka na sisi. Baba Mdogo naye akacheka, lakini mke wake ndiye aliyekuwa anapanda huko Ilomba, na yeye likizo yake ilipofika alikuwa anapumzika nyumbani kwake, mshahara unakwenda, jina lake liko kazini. Hukuwahi kujua kuna kitu kama hicho. Uliisikia likizo ukadhani ni ugonjwa wa watu wa ofisini.

Sasa hivi, Baba, Baba Mdogo anakwenda kila mwezi kuchukua pensheni yake. Anakaa kwenye benchi na wastaafu wenzake, wanaulizana hali za magoti, wanaitwa mmoja mmoja kwa heshima. Anarudi na sukari. Wajukuu wanampokea barabarani. Simwonei kijicho, nasema haki ya Mungu, alifanya kazi yake na ni mtu mwema. Lakini nyie wawili mlinyonya ziwa moja. Yeye alibeba mafaili, wewe ulibeba magogo. Yeye ana uzee, wewe ulikuwa na mabanzi. Na Mama, ambaye hajui hata mlango wa ofisi, anachechemea na ule mguu kwenda kuwalimia watu wengine mashamba ili apate debe la mahindi.

Redio ya kantini kila siku inatuambia nchi hii ni ya wakulima na wafanyakazi. Mimi nikiisikia siku hizi natoka nje. Wewe ulikuwa vyote viwili, na ndiyo maana hukupata kitu. Mfanyakazi alipewa uzee wake kwa kuwa hakwenda kulima. Mkulima hana uzee wa kupewa na mtu yeyote. Wewe uliyekwenda na kurudi, ulipita katikati.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nisilale. Nilimwuliza karani: na Mathayo? Mathayo ni wa kudumu, akasema, hajawahi kukosa hata siku moja tangu aanze, mvua na jua. Alisema kwa kumsifu. Nikafika nyumbani, nikaanza kusonga ugali, na mwiko ukasimama mkononi. Mathayo ana shamba. Shamba kubwa, kule bondeni karibu na mto, linapandwa mvua ya kwanza kabla ya mashamba yote. Nani alikuwa analipanda?

Ninyi. Wewe na wenzako wote mliokuwa mnapewa ruhusa. Kabla hamjaondoka mlikuwa mnakwenda kwanza kumpandia, mstari kwa mstari, mnaimba, mkishamaliza ndipo mnakwenda kupanda ya kwenu mvua zikiwa zimeshatangulia. Ulikuwa unatusimulia kwa majivuno jinsi mlivyolimaliza shamba la nyapara kabla jua halijageuka. Mliona ni asante. Baba, Mathayo hakuvunja utumishi wake kwa sababu mahindi yake ulimpandia wewe. Wewe ulivunja wako ili upande ya kwako. Halafu ukampelekea jogoo.

Ngoja.

Mvua imeongezeka. Nimevuta turubai nikafunika mbao za upande wa upepo. Ndiyo, bado nafanya kazi hapa hapa, napanga mbao na wanawake wenzangu, tunaweka vijiti katikati ili hewa ipite, zisije zikapinda. Sisi wote ni vibarua. Yupo aliyekuja hapa akiwa mwari, sasa ana wajukuu, na ni mtu mpya kila Januari. Niliwaeleza yale karani aliyoniambia. Kwanza walinicheka. Walisema Eliza ana uchungu wa baba yake, ataacha. Siku ya pili yake mmoja akaniita kando akaniuliza, "Ina maana tukikaa mvua zote, hatuendi, wanatuandika?" Nikampeleka kwa karani tukaulize pamoja. Karani akajikuna shingo. Akasema ndiyo, sheria ndivyo inavyosema, mtu akifanya kazi mfululizo lazima aandikwe na akatwe akiba. "Lakini ninyi wenyewe mnapenda kuondoka," akasema. Tunapenda! Watoto wetu watakula nini, pumba za mbao?

Hapo ndipo penye mfupa, na najua ungeniuliza. Hasira ni rahisi, lakini shamba la Mama lingepandwa na nani? Nikibaki, tunakufa njaa mwezi wa pili. Nikienda, nakuwa wewe. Nilikaa na jambo hilo mwezi mzima, nikawa mkali hata kwa kuku.

Katika hali hiyo ndipo zilipokuja habari kwamba Mathayo anastaafu. Kiinua mgongo, pensheni, baiskeli mpya, na sherehe uwanjani mbele ya ofisi. Tukaambiwa kila nyumba iliyowahi kufanya kazi chini yake ilete kitu. Nami nilipofika nyumbani nikamkuta Mama amekaa na yule jogoo mapajani, anampaka majivu kwenye manyoya kumtoa chawa. Jogoo wako, Baba. Yule mwekundu mwenye mkia mweusi. Ulimfunga uzi Aprili, tayari unakohoa damu, huna kazi, hata jogoo mwenyewe huna sababu ya kumpeleka kwa mtu, lakini ukasema, "Huyu ni wa Mathayo, nikipona niende nikamsalimie." Mama akaniambia, "Utampeleka wewe. Ni neno la baba yako."

Tuligombana. Sijawahi kugombana na Mama namna ile. Nikamwambia nitamnyonga mwenyewe hapa hapa. Akasema kama nitavunja neno la maiti nisimwite mama. Nikamwambia yote ya karani, yote ya shamba la bondeni, nalia, kamasi zinanitoka. Mama siku hizi anakwenda kisomo cha watu wazima, jina lako kwenye msalaba aliliandika yeye, herufi zimelala kidogo lakini zinasomeka. Akamshusha jogoo chini, akauliza, "Sasa Mathayo alijua?" Nikasema sijui. Akasema, "Nenda kamwulize. Jogoo abaki kwanza."

Nikaenda kwenye sherehe mikono mitupu. Wenzangu walikuwa na mayai, maharage, mikungu ya ndizi. Mathayo amekaa kwenye kiti cha meneja, amevaa suti, amezeeka naye, mikono yake laini. Aliponiona alisimama, tena kwa heshima, akanipa pole, akaangalia mikono yangu. Akatabasamu akasema, "Yeremia hakuniachia kitu mwaka huu?" Hakusema kwa ubaya. Labda alikuwa anakutania kama mlivyozoea. Lakini maneno yalishafika kwenye ulimi wangu. Nikamwambia, "Alikuachia, baba. Hivyo vyote ulivyopewa leo ni yeye ndiye aliyekupandia." Watu wa karibu wakageuka. Nikamwuliza kama alijua kwamba ile ruhusa aliyokuwa anakupa ilikuwa ni kukuachisha kazi.

Alikaa. Alikaa kama mtu aliyesukumwa. "Nilijua," akasema. "Meneja aliniambia nisiwaeleze. Ningewaeleza, wangenirudisha kwenye magogo." Akataka kunishika mkono. Nikaurudisha ndani ya kanga.

Nimekwambia alivyosema ili usimtetee. Najua ungemtetea. Ungesema Mathayo naye alikuwa mtu wa kutumwa, ana watoto, aliogopa. Ni kweli aliogopa. Lakini alikula jogoo wako kila mwaka akijua. Angalau jogoo angemkataa! Angesema, Yeremia, mrudishe, wakale watoto. Hakuna meneja aliyemkataza hilo. Na wewe, ulikuwa na mdomo, ulikuwa na mdogo wako aliyevaa koti anayejua mambo ya ofisi, kwa nini hukuuliza? Uliona haya kumwuliza mtu aliyekutendea wema. Hapo ndipo walipokushikia, Baba, kwenye haya yako. Walijua mtu aliyelelewa kama wewe hawezi kumchunguza mtu anayemshukuru.

Nilirudi nikamwambia Mama, alijua. Asubuhi yake nilipoamka nikaona amekata ule uzi.

Yaliyofuata si yangu peke yangu. Tuliketi wanawake wote wa uwanja wa mbao tukasema tufanye mgowe. Wewe unaujua mgowe kuliko mimi, kijiji kizima kinamlimia mtu mmoja, kesho mwingine, mwenye shamba anapika. Tatizo la zamani lilikuwa umbali, nyumbani kwetu kulikuwa mwendo wa kutwa nzima. Lakini tangu tuhamishiwe kijiji kipya kando ya barabara, tumelala mlango kwa mlango, na kiwanda ni mwendo wa asubuhi tu. Kilichobaki ni siku. Jumamosi tunatoka mchana, na Jumapili ipo. Mchungaji alikasirika. Alitukemea madhabahuni, akasema siku ya Bwana haina jembe. Tulikwenda kwanza kanisani, tukakaa mbele, tukaimba mpaka mwisho, tukatoka na majembe tuliyokuwa tumeyaegesha ukutani. Jumapili iliyofuata mke wake alikuja na jembe lake, hakusema neno, akashika mstari.

Shamba la Mama lilikuwa zamu ya pili, tukapanda kwa zile mvua za rasharasha za mwanzo. Tulianza umande haujakauka, tukalimaliza mapema, wanawake wa kila kabila, Wahehe, Wabena, na yule Msangu mwenye sauti kubwa anayepanga mbao ndefu, anatutukana tukipinda mstari. Mama alipika togwa chungu kizima. Na alimchinja jogoo. Alimchinja yeye mwenyewe, mimi sikumwomba. Alimkata vipande vidogo vidogo ili kila mtu apate, akaniita mimi kwanza mbele ya watu wote, akanipa firigisi. Firigisi, Baba, ambayo ilikuwa yako. Nilikula nimesimama. Nilikuwa nalia na natafuna, na nyama ilikuwa tamu, sitakudanganya, alikuwa amenona kweli yule ndege. Kama nimevunja neno lako, nimelivunja pamoja na mke wako, na tumekwisha kulimeza.

Ndiyo nafika leo. Mvua hii ilipoanza asubuhi alikuja nyapara mpya, kijana, ana kalamu mfukoni. Alipita kwenye marundo anatutabasamia mmoja mmoja. Kwangu akasimama akasema, "Eliza, mvua hiyo. Nenda tu ukapande, kampuni ina huruma." Maneno yale yale. Sijui wanayafundishwa wapi. Nikaweka ubao, nikaweka kijiti, nikaweka ubao mwingine juu yake. Nikamwambia, "Nimeshapanda." Akacheka, akadhani namtania. Akamwuliza wa pili, naye akasema ameshapanda. Akamwuliza yule Msangu, akamjibu kwa sauti mpaka msumeno ukasikia. Akaenda ofisini haraka haraka, na tangu hapo wamejifungia huko na karani. Labda watatufukuza kesho. Labda watatuandika. Sijui, Baba. Najua tu kwamba hakuna mwanamke hata mmoja aliyefunga virago.

Kengele inagongwa, lazima nirudi kazini. Mama anakusalimu. Mguu bado. Baba Mdogo anasema atakuja Krismasi. Mahindi yameanza kutoka, mistari imepinda kidogo upande wa kichuguu, ungetuchapa. Zizi la mabanzi tumelivunja tukapikia.

Lala, baba yangu. Hasira yangu kwako imepungua kwa kuandika, hiyo nyingine nabaki nayo, nina kazi nayo. Nakuahidi kitu kimoja. Mwaka utakapofika wa mimi kuitwa kwa jina kwenda kuchukua uzee wangu, hata nikiwa bibi wa fimbo, nitachagua kifaranga, nitamfunga uzi mwekundu, na mwenye kuniomba nimchinje nitamjibu ana mwenyewe. Nitakuja naye kwapani mpaka kwenye kaburi lako, nimevaa nguo safi. Huyo atakuwa wako.

Mwanao,
Eliza